Acheni Kusingizia "Shoti ya Stima"

Wacha niseme hii maneno waziwazi, halafu mnitukane mkitaka.

Nyumba ikiungua huku kwetu Othaya, kabla hata moshi uishe, tayari kuna mtu ana jibu: "Ilikuwa shoti ya stima." Anasema akitikisa kichwa, vile mtu husema "ni mapenzi ya Mungu." Na hapo maswali yanaisha. Watu wanachanga, mabati yananunuliwa, nyumba inasimama tena, na fundi yule yule anaitwa kuweka waya.

Mimi nasema shoti ya stima si sababu ya moto. Ni pale hadithi inapoishia. Hadithi yenyewe ilianza miaka mitano au kumi nyuma, siku mtu alisimama kwa hadiwea, akaulizwa anataka waya gani, akajibu, "Nipe ile ya bei ya chini." Ilianza siku breka ilikuwa inajizima kila jioni na mtu akasema, "Weka kubwa, hii inatusumbua." Moto una mwenyewe. Kuna mtu aliamua, na mara nyingi tunamjua kwa jina.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023? Karibu nchi nzima iliingia giza, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Kenya Power walitukanwa usiku kucha, na kusema ukweli walikuwa na maswali ya kujibu. Lakini hasira hiyo yote tuliyonayo kwa nguzo na transfoma, mbona hatuna hata robo yake kwa waya iliyo juu ya kitanda cha mtoto?

Angalia mita yako. Nguzo, waya inayotoka kwa nguzo, na mita yenyewe ni ya Kenya Power. Kutoka hapo kuingia ndani ni yako. Swichi ni yako. Soketi ni yako. Ile waya imeninginia kati ya nyumba kubwa na jikoni, imefungwa kwa mti wa mparachichi, hiyo pia ni yako. Huwezi kupiga 97771 ati waje kukurekebishia soketi nyeusi ya sebuleni.

Na sisi watu wa Othaya tusijifanye stima ni kitu kigeni. Hapa ndipo nyumbani kwa Mwai Kibaki, mbunge wetu kutoka 1974 hadi 2013. Serikali yake ndiyo ilileta Sheria ya Nishati ya 2006, ile iliyounda mamlaka ya kupeleka stima mashambani. Halafu 2015 ukaja mradi wa Last Mile, ada ya kuunganishiwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Cucu ambao walikuwa wamezeeka na taa ya mafuta wakapata balbu. Ilikuwa kitu kizuri na sitaki mtu aniambie ati naponda maendeleo.

Shida ni kilichofuata. Nyumba iliingizwa stima ya balbu tatu na soketi moja ya kuchaji simu. Baada ya mwaka ikaja runinga. Halafu friji. Halafu kijana akajenga kakibanda kake pale nyuma, akavuta waya kutoka soketi ya mama. Halafu tukanunua mashine ya kukata majani ya ng'ombe, nayo ikavutiwa waya kutoka kibanda cha kijana. Vifaranga wakawekewa balbu ya joto. Mzigo umeongezeka mara kumi, waya ni ile ile. Hakuna mtu aliketi chini akauliza, "Hii nyumba inaweza kubeba hii yote?"

Wacha tufanye hesabu kidogo, na si hesabu ya chuo kikuu, ni ya darasa la saba.

Stima yetu ni volti 240. Soketi yako na ekstenshoni yako zimeandikwa ampia 13. Zidisha: wati 3,120. Hiyo ndiyo mwisho wake. Birika ya stima peke yake inakula wati 2,000 hivi. Pasi ni wati 1,200 hivi. Ukizichomeka pamoja kwa ekstenshoni moja asubuhi ukikimbilia kazi, umeshapita. Na bado runinga iko hapo, na chaja nne. Ekstenshoni ikiwa ile nyembamba ya kuuzwa barabarani, hata hizo ampia 13 ni uongo ulioandikwa kwa plastiki.

Sasa jambo ambalo watu hawajui: joto kwenye waya haliongezeki sawasawa na mzigo. Ukiongeza mkondo mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ukiongeza mara tatu, joto mara tisa. Ndiyo maana waya inaweza kukaa miaka bila shida, halafu siku unaongeza kitu kimoja tu, plastiki inaanza kulainika ndani ya ukuta na wewe huoni kitu. Unasikia tu harufu kama ya samaki au plastiki, unauliza ni nani anachoma nini kwa jirani.

Ile mashine ya majani ndiyo inaniogopesha zaidi. Mota ya hospawa 3 ni zaidi ya wati 2,200, na wakati inaanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hiyo. Sisi tunaiunganisha na ekstenshoni ndefu iliyokunjwa kwa gurudumu lake, imelala kwa matope, imeunganishwa katikati na selotepu. Waya iliyokunjwa haina pa kutoa joto, inajipika yenyewe. Ikunjue yote. Na matope ya Othaya mnayajua, hapa ni kwa chai, mvua si mgeni. Mtu amesimama kwa maji, mikono imelowa, anashika mashine ya chuma. Tunaita hiyo kazi ya jioni ya kawaida.

Najua mtu atasema, "Lakini mimi niko na breka, ikipiga itajizima." Hapa ndipo nataka usome polepole.

Breka ya kawaida haikujengwa kukulinda wewe. Ilijengwa kulinda waya. Breka ya ampia 20 itakaa kimya mpaka mkondo upite ampia 20, ambazo ni miliampia 20,000. Mwili wa binadamu hauhitaji hata 100. Miliampia 50 hivi zikipita kifuani zinaweza kuvuruga moyo ukaacha kupiga vizuri. Kwa hivyo mtu anaweza kufa ameshika bomba, na breka iko hapo ukutani inaona kila kitu kiko sawa. Kwake, wewe ni balbu ndogo tu imewashwa.

Kifaa kinachokuona wewe ni kingine. Kinaitwa RCD. Kinapima stima inayotoka na ile inayorudi. Zikitofautiana kwa miliampia 30, maana yake kuna inayotorokea mahali, labda kwa mwili wa mtu, na kinakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Utakitambua kwa kitufe kidogo kimeandikwa T. Nenda kwa sanduku lako sasa hivi uangalie. Nyumba ngapi huku kwetu ziko nacho? Nimeingia nyumba zina mlango wa chuma wa maua, dari ya jipsamu yenye taa za rangi tatu, runinga kubwa kuliko meza ya kula, na kwa sanduku la stima hakuna kitufe cha T. RCD ni ya shilingi elfu chache. Ile jipsamu ilikuwa ngapi?

Sasa nakuja kwa malandilodi. Kaeni vizuri.

Niliwahi kuishi kwa ploti ambapo ukishika bomba la shawa mkono unapata kale kamtetemo. Si kukurusha, ni kama sisimizi. Tukamwambia keateka. Unajua alisema nini? "Vaeni patipati mkioga." Wapangaji kumi na mbili, watoto ndani yake, na suluhisho la stima kwenye maji lilikuwa patipati. Na kodi ilikuwa inaitishwa tarehe tano bila kukosa. Kuna watu wanasoma hii wanacheka kwa sababu hata kwao wameambiwa hivyo hivyo. Si mzaha. Kale kamtetemo ni stima inayotafuta njia ya kwenda ardhini, na siku moja njia bora zaidi itakuwa wewe.

Shawa ya kupasha maji papo hapo inakula wati 5,000 na zaidi. Ikiwa ni 5,500, hizo ni karibu ampia 23. Inataka laini yake yenyewe kutoka kwa sanduku, waya nene ya milimita mraba 6, breka yake, RCD, na waya wa ardhi unaofika kwa fimbo ya shaba iliyozikwa nje. Landilodi anafanya nini? Anaitoa kwa laini ya soketi ya milimita mraba 2.5, kwa sababu iko karibu. Waya wa ardhi unakatwa, "hauna kazi." Na ile fimbo ya shaba huko nje ilishaibwa ikauzwa chuma chakavu, na hakuna mtu amewahi kwenda kuangalia.

Huko Uingereza, tangu 2020 kuna sheria kwamba landilodi lazima aite mtu aliyehitimu kukagua mfumo wa stima angalau kila miaka mitano, na mpangaji apewe nakala ya ripoti. Najua mtasema sisi si Uingereza. Sawa. Lakini nchi hiyo hiyo ndiko jengo la Grenfell liliungua Juni 2017, watu 72 wakafa, na uchunguzi ukasema moto ulianzia kwa friji ndani ya nyumba moja. Ni kweli jengo lenyewe lilikuwa limefunikwa na vitu vya kushika moto haraka, na hiyo ndiyo iliua wengi. Lakini cheche ilikuwa friji. Kama hiyo yako.

Na tuongee kuhusu mbao. Sisi huku tunajenga sana na mbao na mabati, ni za bei nafuu na zinashika joto Julai ikifika. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, hapa hapa kaunti ya Nyeri, wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni la Hillside Endarasha. Sisemi moto ule ulitoka kwa stima, sitaki mtu aninukuu vibaya. Nasema kitu kimoja: bweni lile lilikuwa na mbao nyingi, na tuliona vile mbao haimpi mtu muda. Sasa wewe umelala kwa nyumba ya mbao, waya imepitishwa uchi bila bomba la plastiki, imepigiliwa misumari, panya wanatafuna. Unategemea muda gani?

Mabati nayo ni hadithi yake. Waya ikipita kwa tundu la bati bila kitu cha kuikinga, ukingo wa bati unaikwaruza kila upepo ukivuma. Siku plastiki inaisha, nyumba nzima inakuwa na stima. Halafu kamba ya nguo, ile ya waya, imefungwa kwa hiyo hiyo nyumba. Mama anaanika nguo mbichi. Sitamaliza hiyo sentensi.

Kuna wale wanajitetea, acha niwajibu mmoja mmoja.

"Fundi wangu ana uzoefu wa miaka ishirini." Sawa, ana leseni? Kwa Sheria ya Nishati ya 2019, mtu anayefanya kazi ya kuweka stima anafaa kuwa na leseni ya EPRA. Leseni zina madaraja, na orodha ya walio nazo iko kwa tovuti yao, unatafuta jina kwa simu. Mtu anaweza kukosea kitu kile kile miaka ishirini bila nyumba kuungua, kwa bahati. Bahati si uzoefu.

Na hapa niwatetee mafundi kidogo, kwa sababu wengi ni marika wangu. Kijana anajua kazi. Anakuambia, "Hapa tunahitaji waya nene na RCD." Wewe unamwambia, "Acha kunikula pesa," unaita mwingine anayekubali kufanya kwa nusu. Umefukuza anayejua, ukabaki na anayekubali. Halafu nyumba ikiungua unasema vijana wa siku hizi ni matapeli. Vijana wa siku hizi walikuambia ukweli ukawanyima kazi.

"Lakini niko na cheti." Ndiyo, kabla ya kuunganishiwa stima kuna karatasi inayotiwa sahihi na fundi mwenye leseni kwamba kazi imekaguliwa na kupimwa. Swali langu ni hili: huyo aliyetia sahihi aliwahi kuingia kwa nyumba yako? Ulimwona na kipimo mkononi? Au ulilipa karatasi ikaletwa na boda? Kama ni boda, huna cheti. Una risiti ya uongo uliojinunulia, na atakayeulipia ni watoto wako.

"Pesa hakuna." Hii naielewa, na siwezi kumwambia cucu wa Chinga anayengoja bonasi ya chai abadilishe waya za nyumba yote kesho. Lakini mambo mengi ya kuanza hayana bei. Kutoa birika kwa ekstenshoni na kuichomeka kwa ukuta ni bure. Kukunjua waya ni bure. Kuacha kutumia soketi iliyogeuka rangi ni bure. Kuhamisha kamba ya nguo, kununua ya nailoni, ni pesa ya soda. Na kwa landilodi mwenye milango kumi na mbili, neno "pesa hakuna" sitaki hata kulisikia.

"Wewe uliacha chuo, utatufunza nini?" Hii ndiyo naipenda. Ndiyo, niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, kila mtu hapa mjini anajua. Lakini ampia 13 zimeandikwa kwa Kiingereza na nambari kwa mgongo wa ekstenshoni yako. Si siri ya maprofesa. Huyo landilodi wa patipati ana digrii.

Basi, mtu asiseme nimepiga kelele tu bila kusema la kufanya. Hii wiki:

Tafuta kitufe cha T na ukibonyeze. RCD inafaa kukata stima papo hapo. Ikikataa, imekufa, na uko bila ulinzi. Rudia angalau kila miezi mitatu. Kama hakuna T kabisa, hiyo ndiyo pesa yako ya kwanza, kabla ya kochi.

Gusa soketi na plagi kwa mgongo wa mkono baada ya kutumia kitu kizito. Ikiwa moto, imegeuka kahawia, inatoa sauti kama ya kukaanga, usiitumie tena mpaka ifunguliwe na anayejua. Mara nyingi ni skrubu imelegea tu, lakini skrubu iliyolegea inaweza kuwasha nyumba.

Breka ikijizima, usiweke kubwa. Inakuambia kitu. Kuweka breka ya 40 kwa waya ya 20 ni kama kumziba mlinzi mdomo kwa sababu anabweka usiku. Na fyuzi ya plagi ikiungua, nunua fyuzi. Usiweke waya, msumari, wala karatasi ya sigara.

Ukinunua waya, kwaruza ncha kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha. Angalia alama ya KEBS, na usiiamini kwa macho tu: tuma SM# na nambari ya kibali kwa 20023 uone kama ni ya kweli.

Stima ikipotea, chomoa friji na runinga. Inaporudi huwa inarudi na nguvu isiyo sawa.

Mtu akipigwa na stima, usimshike. Zima meni swichi kwanza. Na moto wa stima haumwagiwi maji kabla stima haijazimwa. Kila mtu kwa nyumba, hata mtoto wa darasa la nne, anafaa kujua meni swichi iko wapi na inazimwa aje. Kama imefichwa nyuma ya kabati, hamisha kabati.

Na wapangaji, acheni kuogopa. Andikeni ujumbe kwa landilodi, wote pamoja, kwa maandishi, na picha za soketi zenyewe. Msiongee kwa mlango na keateka. Maandishi yana tarehe. Siku mambo yakiharibika, hakuna mtu atasema ati hakuambiwa.

Mwishowe, nyumba nyingine ikiungua huku kwetu, na mtu akisimama pale akisema "shoti ya stima," usiitikie na kichwa. Muulize: waya ilikuwa ya aina gani? Nani aliiweka? RCD ilikuwepo? Cheti kilitiwa sahihi na nani, na aliwahi kufika hapa? Uliza kwa heshima, kuna watu wamepoteza kila kitu. Lakini uliza. Tukianza kuuliza, watu wataanza kuogopa kununua ile ya bei ya chini.

Tuma hii kwa landilodi wako. Kama unaogopa, mwambie ni mimi nimesema.